Safari ya Johnson na Boswell katika Milima ya Uskoti, 1773: Msafiri, Lugha na Ushahidi wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Habari za safari ni fani yenye mizizi katika maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa habari za wasafiri wa pwani yetu, miongoni mwao Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Anayesoma habari za aina hii hawezi kuliepuka swali moja: msafiri asiyejua lugha ya wenyeji aweza kutueleza nini juu yao, na ni mambo gani yatakayompita bila yeye kutambua?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuitazama safari moja iliyofanyika mbali na kwetu. Mwaka 1773 marafiki wawili, Samuel Johnson na James Boswell, walizunguka katika Nyanda za Juu na visiwa vya magharibi vya Uskoti. Johnson alitoa kitabu chake juu ya safari hiyo mwaka 1775. Boswell alitoa chake mwaka 1785, baada ya mwenziwe kufariki. Tunavyo, basi, vitabu viwili vya watu wawili waliopita njia moja kwa siku zile zile, jambo ambalo ni nadra katika historia ya fani hii.

Vitabu hivyo hukumbukwa kwa mambo mengi, lakini sisi tutashughulika na jambo moja tu, yaani hukumu aliyoitoa Johnson juu ya fasihi ya Kigaeli, lugha ya watu wa milima ile. Alisema kwamba lugha hiyo haikuwa na maandishi ya kale, na kwa hiyo haikuweza kuwa na tendi za kale. Tutajaribu kuonyesha kwamba Johnson na mpinzani wake James Macpherson, ingawa walichukiana, walisimama juu ya msingi mmoja, na kwamba msingi huo ndio uliokuwa na ila.

Wasafiri na njia yao

Johnson alikuwa na umri wa miaka 63 alipoondoka London, na alitimiza miaka 64 akiwa njiani, katika ngome ya Dunvegan kisiwani Skye. Alikuwa mtu mzito wa mwili, macho yake hayakuona vizuri na masikio yake yalikuwa na udhaifu. Kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755 ilikuwa imemfanya kuwa hakimu wa lugha mbele ya Waingereza wengi. Boswell alikuwa wakili wa Edinburgh mwenye miaka 32. Walikuwa wamefahamiana London tangu 1763, na kwa miaka mingi walikuwa wakizungumza juu ya safari hii.

Waliondoka Edinburgh tarehe 18 Agosti wakarejea hapo tarehe 9 Novemba, muda wa siku 83. Sehemu kubwa ya safari, kwa hiyo, iliangukia majira ya vuli. Neno hili lataka tahadhari. Vuli yetu ya pwani ni mvua za mwisho wa mwaka, ilhali vuli ya Uskoti ni wakati wa kuvuna nafaka, wa majani kugeuka rangi na kupukutika, wa mchana kufupika na wa dhoruba kuvuma kutoka bahari ya magharibi. Dhoruba moja ya aina hiyo, usiku wa tarehe 3 Oktoba, ilikipeperusha chombo chao kilichokuwa kikielekea Mull hadi kisiwa cha Coll, wakakwama huko siku kumi na moja.

Haikuwa safari ya haraka. Toka Edinburgh hadi Inverness, kwa njia ya St Andrews na Aberdeen, walikwenda kwa gari la kukokotwa na farasi. Kutoka Inverness, tarehe 30 Agosti, walipanda farasi: mmoja wa Johnson, mmoja wa Boswell, mmoja wa mtumishi wao Joseph Ritter, na wa nne wa mizigo. Wenyeji wawili waliojua njia na lugha walitembea kwa miguu kando yao. Walipopata mwenyeji mkarimu walikaa. Dunvegan pekee walikaa siku nane. Mwendo huo wa polepole ulimpa Johnson nafasi ya kuuliza maswali mengi, na ulimpa Boswell nafasi ya kuandika shajara kila siku, ambayo Johnson mwenyewe alikuwa akiisoma njiani.

Njia yenyewe ilikuwa na historia. Kuanzia 1725 Jenerali George Wade alijenga barabara katika milima hiyo ili majeshi ya serikali yaweze kuingia upesi katika nchi ya koo zilizoshukiwa kwa uasi. Uasi wa mwisho ulivunjwa Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Baada ya hapo sheria zilitungwa za kuwanyang'anya watu silaha, kuwakataza wanaume kuvaa mavazi yao ya asili, na kuwaondolea wakuu wa koo mamlaka ya kuhukumu. Johnson na Boswell walipofuata ukingo wa Ziwa Ness walikuwa juu ya barabara ya Wade, na mbele kidogo walikutana na askari wakiitengeneza. Johnson aliwapa fedha kidogo, nao wakafuata hadi nyumba ya wageni usiku ule wakanywa. Barabara iliyomwezesha mwanachuoni kuja kutazama maisha ya kale ndiyo iliyosaidia kuyavunja maisha hayo. Johnson alilitambua jambo hili. Aliandika kwamba wamefika wamechelewa.

Kilichoonwa na macho

Katika mambo yaliyoonekana kwa macho, Johnson alikuwa shahidi hodari. Tarehe 30 Agosti waliingia katika kibanda cha mwanamke mzee karibu na Ziwa Ness. Johnson alieleza jinsi kibanda kilivyojengwa kwa mawe yasiyounganishwa kwa chokaa, moshi ukitoka kwa tundu la paa, na nyama ya mbuzi ikichemka chunguni. Aliuliza idadi ya mbuzi, umbali wa kanisa, na jinsi jamaa ile ilivyopata chakula. Mwanamke huyo hakujua Kiingereza ila kidogo sana, na maneno yake yalipitia kwa viongozi wa njia. Aliwakaribisha wiski, akaomba ugoro. Wao hawakuwa nao, wakampa shilingi.

Kesho yake, katika bonde la Glen Moriston, mwenye nyumba ya wageni aliwasimulia habari yenye uzito zaidi. Wanaume sabini walikuwa wameondoka mabonde yale siku za karibuni kwenda Amerika, naye mwenyewe alikusudia kuwafuata mwakani. Miaka 25 nyuma kodi ya shamba lake ilikuwa pauni 5. Sasa ilikuwa imepandishwa hadi 20. Pauni 10 angeweza kulipa na kuishi, lakini si zaidi. Hapo ndipo Johnson alipoanza kuelewa kwamba mkuu wa ukoo, akiisha kunyang'anywa mamlaka, hubaki mwenye ardhi tu, na mwenye ardhi hutazama kodi. Majuma mawili baadaye, tarehe 15 Septemba 1773, meli iitwayo Hector ilitia nanga Pictou, Nova Scotia, ikiwa imewachukua watu wa milima hiyo wapatao 200. Na tarehe 2 Oktoba, huko Armadale kisiwani Skye, Boswell aliona ngoma mpya ambayo wenyeji waliiita Amerika: wachezaji huanza jozi moja baada ya nyingine, hata wote wakawa wanazunguka.

Katika bonde hilo la Glen Moriston, wakati farasi wakipumzika, Johnson aliketi kando ya kijito akawaza kwa mara ya kwanza kuandika kitabu. Tukiyafikiria haya, hatuna sababu ya kumhesabu kuwa mtalii mwepesi. Alipima, alihesabu, alilinganisha bei. Hata bakora yake ya mwaloni ilikuwa na misumari miwili ya kuonyesha urefu wa futi moja na wa yadi moja.

Kilichosikika kwa masikio

Mambo yalibadilika ilipokuja habari ya lugha. Johnson na Boswell hawakujua Kigaeli, na walitegemea wakalimani: viongozi wa njia, wachungaji wa makanisa, wakuu wa koo na mabibi wa nyumba.

Siku walipovuka kwenda kisiwa cha Raasay, tarehe 8 Septemba, wapiga makasia waliimba nyimbo za Kigaeli, mmoja akitoa na wengine wakiitikia. Huko Raasay Johnson aliwaona wavunaji wakikata nafaka kwa mundu, mikono ikienda sambamba na wimbo. Usiku, baada ya chakula, mabibi waliimba. Alisikiliza kwa furaha, kama mtu anayesikiliza nyimbo za nchi ya mbali asizozielewa hata neno moja. Akamwuliza bibi aliyekuwa karibu naye maana ya wimbo mmoja, akajibiwa kuwa ni wa mapenzi. Akauliza juu ya mwingine, akaambiwa ulitungwa na mtu wa kisiwani alipokuwa anaaga kwenda Amerika.

Mtafiti wa fasihi simulizi hawezi kuupita ukurasa huu bila kusimama. Ndani ya siku chache Johnson alikuwa amekutana na nyimbo za kazi za aina mbili, wimbo wa mapenzi, na wimbo mpya juu ya tukio kubwa kuliko yote ya nchi ile. Fasihi ilikuwa hai mbele yake, ikifanya kazi mashambani, baharini na sebuleni. Lakini hakuandika maneno ya wimbo hata mmoja, wala hakuomba yatafsiriwe ubeti kwa ubeti. Maswali yake juu ya fasihi aliyaelekeza upande mwingine, kwenye miswada.

Alilalamika pia kwamba majibu ya wenyeji hayakutegemeka: jibu la kwanza hutolewa kwa ujasiri, la pili hulegea, la tatu hulipinga la kwanza. Mtafiti yeyote aliyefanya kazi vijijini aijua hali hii. Johnson aliiona kuwa dosari ya watu wa milima. Kwa maoni yetu sababu yake kubwa ilikuwa namna maswali yalivyoulizwa. Mgeni mashuhuri wa mkuu wa ukoo aliuliza mbele ya mkuu huyo, kwa lugha ya serikali iliyowashinda wenyeji vitani miaka 27 tu nyuma, juu ya kitu ambacho wenyeji hawakukiita kwa jina alilolitumia yeye.

Ugomvi wa Ossian

Ili kuelewa kwa nini Johnson alitafuta miswada hatuna budi kurudi nyuma miaka kumi na mitatu. Mwaka 1760 James Macpherson, kijana wa Nyanda za Juu, alitoa kitabu kidogo cha vipande vya ushairi alivyosema amevitafsiri kutoka Kigaeli. Kisha akatoa utenzi mzima, Fingal, mwishoni mwa 1761, na mwingine, Temora, mwaka 1763. Alidai kwamba mtungaji ni Ossian, malenga wa karne ya tatu, mwana wa shujaa Fingal. Ulaya ilishangilia. Wengi waliona kwamba Kaskazini nayo imempata Homer wake.

Johnson hakuamini. Aliona mtindo wa vitabu hivyo kuwa wa siku zake mwenyewe, na akataka jambo ambalo mwanachuoni ana haki ya kulitaka: miswada ya asili iwekwe mahali watu waione. Macpherson hakuwahi kuitoa kwa namna iliyowaridhisha watu. Johnson alipochapisha kitabu chake mwaka 1775 Macpherson alimwandikia kwa vitisho, naye akajibu kwamba hatanyamazishwa na mhuni.

Katika kisiwa cha Skye Johnson alimhoji Donald McQueen, mchungaji msomi aliyefuatana nao. Boswell ametuhifadhia majibu yake. McQueen alisema kwamba ajua baadhi ya sehemu kwa Kigaeli, na kwamba alisikia babu yake alikuwa na nakala. Lakini hakuweza kuthibitisha kwamba Ossian alitunga utenzi wote kama ulivyochapishwa. Johnson aliyachukua majibu haya kuwa ya mtu anayekwepa. Sisi leo twaweza kuona kwamba McQueen alitoa jibu lililo karibu sana na ukweli: tungo zipo, utenzi mmoja mzima haupo.

Hapo ndipo Johnson alipovuka mpaka wa ushahidi wake. Kutoka hoja kwamba Macpherson hana miswada, alisonga hadi hoja kwamba Kigaeli hakikuwahi kuandikwa, kwamba hakuna duniani mswada wa lugha hiyo wenye umri wa miaka mia, na kwamba katika lugha nzima haitapatikana mistari mia tano inayoweza kuthibitishwa kuwa na umri huo. Maneno ya kinywa, kwa rai yake, hupotea na pumzi. Taifa lisiloandika haliwezi kuhifadhi tungo ndefu.

Ni haki tuongeze kwamba mtu huyu hakuwa adui wa lugha yenyewe. Shirika la kueneza elimu ya Kikristo katika Uskoti, lililoanzishwa mwaka 1709, lilikuwa limekipiga vita Kigaeli katika shule zake kwa miaka mingi. Mwaka 1766, wengine walipopinga kutafsiri Biblia kwa Kigaeli ili lugha ife upesi, Johnson aliandika barua kali ya kuitetea tafsiri hiyo. Agano Jipya likatoka mwaka uliofuata. Huko Dunvegan alisema kwamba husikitika lugha yoyote inapopotea, kwa kuwa lugha ndizo nasaba za mataifa. Aliitetea haki ya watu kusoma kwa lugha yao, huku akikana kwamba walikuwa na fasihi ya kale katika lugha hiyo.

Ushahidi uliofuata

Kuhusu miswada Johnson alikosea. Kati ya 1512 na 1542 hivi, katika mkoa wa Perth, James MacGregor, mkuu wa kanisa la Lismore, pamoja na wasaidizi wake, walikusanya mashairi mengi ya Kigaeli katika kitabu kilichopo hadi leo. Ndani yake mna tendi fupi za Fionn, yule aliyegeuzwa kuwa Fingal. Mwaka 1567 John Carswell alichapisha Edinburgh kitabu cha ibada kwa Kigaeli cha kisomi, lugha iliyotumiwa na malenga wa Uskoti na wa Ireland. Mwaka 1751 Alasdair mac Mhaighstir Alasdair alichapisha diwani yake mwenyewe. Na mwaka 1768, miaka mitano tu kabla ya safari, ilitoka Edinburgh diwani ya Duncan Bàn MacIntyre, aliyetunga shairi refu la kuusifu mlima wa Beinn Dòbhrain. Mtunzi huyo hakujua kusoma wala kuandika. Johnson, aliyeiona milima ile kuwa tupu na kame, hakujua kwamba mji ule alioanzia safari ulikuwa umechapa sifa za mlima zilizotungwa kwa kichwa tu.

Wenyeji walijibu. Mwaka 1779 Donald McNicol, mchungaji wa Lismore na mkusanyaji wa mashairi, alitoa kitabu cha kumpinga Johnson. Kwa upande wa pili William Shaw, aliyekuwa ametoa sarufi ya Kigaeli mwaka 1778 kwa kutiwa moyo na Johnson, aliandika mwaka 1781 kwamba Ossian ni uzushi. Mwaka 1805 kamati ya Jumuiya ya Nyanda za Juu ilitoa ripoti: tungo juu ya mashujaa hao zilikuwepo kweli vinywani mwa watu, lakini hakuna shairi lililopatikana lililolingana na vitabu vya Macpherson. Maandishi ya Kigaeli yaliyochapishwa mwaka 1807 kama asili ya Ossian yaligunduliwa baadaye kuwa, kwa sehemu kubwa, yametafsiriwa kutoka Kiingereza. Mwaka 1952 Derick Thomson alionyesha, mahali kwa mahali, tendi halisi ambazo Macpherson alizichukua, na jinsi alivyozipanua na kuzichanganya.

Kuhusu uwezo wa kumbukumbu, jibu lilitoka kwa wakusanyaji waliobadili njia. Kuanzia 1860 J. F. Campbell wa Islay alichapisha hadithi za watu kwa Kigaeli pamoja na tafsiri, akitaja jina la msimulizi, mahali na wakati. Mwaka 1872 alitoa mkusanyiko wa tendi za Fionn. Na Taasisi ya Elimu ya Uskoti, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1951, ilirekodi tendi hizo zikiimbwa visiwani na watu waliozipokea kwa mdomo. Tungo ambazo Johnson alidhani haziwezi kuvuka karne moja zilikuwa bado zinaimbwa karibu karne mbili baada yake.

Msingi uliowaunganisha wapinzani

Sasa twaweza kuutazama msingi tulioutaja mwanzoni. Macpherson alikuwa na hazina ya kweli mikononi mwake: tendi fupi, zenye matoleo mengi, zilizoimbwa na watu wanaojulikana kwa majina. Hakuridhika nazo kama zilivyo. Aliona kwamba ili zistahili heshima ya London ni lazima ziwe utenzi mrefu, wa mtunzi mmoja, wa zama za kale, uliohifadhiwa katika hati. Johnson, kwa upande wake, alidai kwamba kisicho na hati si fasihi ya kale. Mmoja alighushi kwa sababu aliikubali kanuni hiyo; mwingine alikana kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna kati yao aliyemwuliza mwimbaji: wimbo huu ulijifunza kwa nani, huimbwa lini, na yupo mwingine auimbaye tofauti?

Jambo hili latuhusu. Wasomi wa lugha za Kiafrika wameambiwa mara nyingi kwamba bara hili halikuwa na fasihi kabla ya kalamu ya mgeni. Mswahili ana jibu la haraka: huchukua mswada wa Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728 katika hati za Kiarabu, na hoja yafungwa. Jibu hilo ni la haki, nasi hatuna sababu ya kuuficha urithi wetu wa miswada. Lakini tukikomea hapo, tumewaacha nje majirani zetu ambao tungo zao ziliishi vinywani, na tumeikubali kanuni ya Johnson bila kujua. Waliokuwa na busara zaidi ni wale waliodai, katika waraka wa Oktoba 1968 hapa Nairobi, kwamba fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo kwa haki yake yenyewe. Nao walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong.

Hitimisho

Tumeona kwamba safari ya 1773 ilitoa ushahidi wa aina mbili. Juu ya ardhi, kodi, nyumba na kuhama, Johnson na Boswell ni mashahidi ambao mwanahistoria hawezi kuwaacha. Juu ya fasihi ya Kigaeli, walichohifadhi kwa thamani kubwa ni mambo waliyoyaandika bila kuyapa uzito: makasia yakienda na wimbo, mundu ukienda na wimbo, bibi akieleza kwa maneno machache wimbo wa kuaga. Hukumu ambayo Johnson aliitoa kwa sauti kubwa haikusimama.

Hata hivyo dai lake la ushahidi lingali na nguvu, na halina budi kutuelekea sisi wenyewe. Anayekusanya tungo leo akaziunganisha, akazinyoosha na kuzichapa kama utenzi mmoja wa kale bila kutaja nani aliimba, wapi na lini, amefuata nyayo za Macpherson, hata nia yake ikiwa ni kulitukuza kabila lake. Johnson alizikwa Westminster Abbey mwaka 1784, na Macpherson akazikwa humo humo mwaka 1796. Wasomaji wao waliendelea kugombana kwa karne nzima. Waimbaji wa visiwani, waliokuwa na jibu, hawakuitwa kutoa ushahidi hadi wengi wao walipokuwa wamekwisha kuvuka bahari.